Rula Haijui Jike

Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Victoria, saa moja kasorobo asubuhi, jua bado liko nyuma ya mawe. Mama ninayenunua kwake samaki alikuwa amempasua sangara mrefu kuliko meza yake, mkia unaning'inia, na tumboni mwake kulikuwa na mifuko miwili ya mayai, ya njano iliyokolea, kila mmoja mnene kama mkono wa mtoto. Akaichomoa, akaitupia kwenye kipande cha boksi. Kisha mkono wake ukabadilika. Aliingiza ncha ya kisu chini ya uti wa mgongo, akalibandua bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, polepole kama mtu anayebandua stempu, akalisuuza kwenye dumu lililokatwa, akalifunga kitambaani na kulitia kifuani. Bondo lilikuwa na mnunuzi tangu jana yake. Mayai hayakuwa na mnunuzi.

"Haya mayai bei gani, mama?"

"Hayo nakuongezea tu, mwanangu. Kakaangie na nyanya."

Ndivyo nilivyopanda daladala Kirumba nikiwa na mayai malaki kadhaa yaliyofungwa kwenye gazeti, bure.

Sitii chumvi kusema malaki. Sangara jike aliyekwisha kupevuka hubeba mayai ya kuhesabiwa kwa malaki, na wale wakubwa kweli, ambao wavuvi wawili huwainua kwa kusaidiana, hubeba mamilioni. Kwa walio wakubwa kabisa hesabu inayotajwa hufika milioni 16. Yai lenyewe ni kama punje ya mchanga, ndani lina tone la mafuta linalolifanya lielee. Jike huyamwaga majini, dume humwaga mbegu zake hapo hapo, na kila mmoja anakwenda zake. Hakuna kiota wala wa kulinda. Karibu yote huliwa: na dagaa, na uduvi, na sangara wenzake. Sangara ni mlaji asiyejua ukoo, anameza hata wanawe.

Ukifikiri kidogo utaona jinsi hesabu hii ilivyo ya kikatili. Ili idadi ya sangara isipungue wala isiongezeke, jike anahitaji watoto wawili tu wa kufikia utu uzima katika maisha yake yote, mmoja wa kuchukua nafasi yake na mmoja nafasi ya dume. Mamilioni yote yale yanatagwa ili wapone wawili. Kwa hiyo ukiokota mayai laki tano mwaloni ukayakaanga, hujafanya dhambi kubwa kwa ziwa; mengi yangeliwa tu. Hasara ni mama yao. Angeishi, angetaga tena miezi michache ijayo, na tena, na kila mwaka angekuwa mnene zaidi na mwenye mayai mengi zaidi.

Hapa kuna hesabu ambayo mvuvi yeyote anaielewa akiwa mzanini, ila akishaondoka mzanini anaisahau. Samaki akizidi urefu mara mbili, uzito hauzidi mara mbili. Unazidi kama mara nane, kwa sababu anakua na unene pia. Mayai yanafuata uzito, hayafuati urefu. Jike mmoja wa mita moja na nusu, kwa uzazi, ni sawa na kundi zima la mabinti wa sentimita 75. Ukimwondoa huyo mmoja, huwezi kujifariji kwamba umetoa samaki mmoja tu.

Sasa tuje kwenye rula, ile inayopima sangara wa halali. Nchi tatu zinazogawana ziwa hili zilikubaliana kuhusu dirisha: sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na sentimita 85. Chini ya hapo ni mtoto, juu ya hapo ni mzazi. Kiwango cha chini ndicho kilichoingia vichwani mwa watu. Ndicho kinachokaguliwa barabarani, ndicho kilichofanya magari yapekuliwe na samaki wateketezwe wakati wa Operesheni Sangara mwaka 2018, na hata mtoto wa darasa la nne pale Igombe anakijua. Kiwango cha juu ndicho kilichobishaniwa, kikalegezwa, kikaonekana kama usumbufu wa wataalamu.

Mimi nasema tumekishika kile kisicho na uzito. Sangara dume hupevuka akiwa na sentimita 50 hadi 60 hivi. Jike hapevuki hapo. Jike huhitaji kufika sentimita 70, 80, wengine zaidi, na hiyo ni miaka mitatu hadi minne ya kuishi ziwani. Kwa hiyo rula ya sentimita 50 inamlinda mtoto wa kiume mpaka balehe, kisha inamfungulia dada yake mlango akiwa bado kabisa. Kutoka sentimita 50 mpaka anapotaga kwa mara ya kwanza, jike anatembea ndani ya dirisha la halali, kati ya nyavu na ndoano zote za Sengerema, Ukerewe, Magu na Ilemela, bila kosa lolote la kisheria kutendeka. Wachache wanaopenya ndio hao waliokuwa wakipokewa na kiwango cha juu: ukivuka 85 umesalimika, zaa sasa. Ukiondoa kiwango cha juu, au ukikiacha kwenye karatasi, unakuwa umebakiza njia isiyo na mwisho wa hatari. Tena kwa sababu dume ni mdogo kwa umbile, karibu kila sangara mkubwa sana unayemwona mwaloni ni mama. Wenye mikokoteni wanamwita "mzee". Ni bibi.

Na bei inamfuata huyo huyo bibi. Bondo ni mfuko wa hewa unaomsaidia samaki asizame wala asielee ovyo. Zamani lilitupwa na matumbo. Leo linakaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong na China, na bei yake kwa kilo hupanda kadiri bondo moja moja linavyokuwa kubwa. Mabondo madogo kumi yenye uzito wa bondo moja kubwa hayafikii bei ya hilo moja. Sijui kama kuna biashara nyingine mwambaoni inayolipa kwa usahihi namna hii ili kuondoa hasa yule ambaye ziwa linamhitaji zaidi. Minofu haikufanya hivyo. Kiwanda cha minofu kinapenda samaki wa wastani anayeingia vizuri mezani. Bondo ndilo lililogeuza umri wa samaki kuwa pesa.

Nimewahi kubishana juu ya hili na baba mdogo, aliyevua Kome na Maisome kwa miaka mingi kabla magoti hayajamkataza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wavu hauna macho. Huyo mkubwa akiingia usiku, asubuhi namkuta amekufa. Nimtupe ili ukaguzi ufurahi?" Ana haki. Sangara aliyekufa wavuni, kumrudisha majini ni kuwalisha kunguru tu. Hata wa ndoano, akivutwa haraka kutoka kilindini, lile bondo hujaa hewa na kumharibu. Kwa hiyo kiwango cha juu hakiwezi kusimamiwa ndani ya mtumbwi. Kinasimamiwa mapema, kwenye ukubwa wa jicho la wavu na namba ya ndoano inayoruhusiwa kuuzwa dukani, na kinasimamiwa mwishoni, kwenye mzani wa mnunuzi wa mabondo. Wanunuzi wa mabondo ni wachache, wana leseni, wanajulikana kwa majina na ofisi. Wavuvi ni maelfu kwa maelfu. Kwa nini tunawakimbiza hawa wa pili na boti ziwani usiku, mimi sielewi. Au naelewa, ila si jambo la makala hii.

Tulikwisha kupewa somo hili na samaki mwingine, mapema kabisa. Wazee wa Simiyu na Kagera watakuambia habari za ningu. Ningu aliishi ziwani, lakini kuzaa alizaa mtoni: mvua za kwanza zikijaza mito, alipanda kwa makundi, akaenda kutaga kwenye maji ya mafuriko kule juu, kisha akashuka. Samaki mzima wa ziwa zima alipita kwenye milango michache, midomo ya mito, katika majuma machache ya mwaka. Nyavu za kisasa zilipoenea, zilitegwa hapo hapo mlangoni. Nani angezitega kwingine? Kila aliyepita alikuwa jike mwenye mayai au dume anayemfuata. Uvuvi wa ningu uliporomoka tangu miaka ya 1950, kabla sangara hajaanza hata kutajwa kwa ubaya. Ningu hakumalizwa na wingi wa waliovuliwa mwaka mzima. Kila kiumbe kina mahali maisha yake yanapokuwa membamba kama kiuno cha nyigu. Wake ulikuwa mdomo wa mto, na hapo ndipo tulipoweka kamba.

Furu kiuno chake ni mdomo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu furu wanadharauliwa bila sababu. Ni wale samaki wadogo wenye miiba tuliowala utotoni kwa tahadhari, wanaoanikwa pamoja na dagaa na ambao mteja wa mjini huwachambua na kuwatupa. Ziwa hili lilikuwa na aina zao kama 500. Wataalamu wa miamba na matope wanasema ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo aina nyingi za furu ni wageni wa juzi tu kwa saa ya dunia. Hakuna mahali pengine tunapojua wanyama wenye uti wa mgongo waliogawanyika haraka hivyo.

Uzazi wao ni kinyume kabisa cha sangara. Jike hutaga mayai machache, makumi tu, juu ya jiwe au mchanga ambao dume ameusafisha. Papo hapo anageuka na kuyafyonza yote mdomoni. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, mviringo, ya ukubwa ule ule wa mayai. Jike anayadonoa madoa kama mtu aliyesahau kuokota mawili matatu, na wakati huo dume anaachia mbegu. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo wa mama. Anawabeba humo kama wiki tatu, hali karibu chochote, shavu limevimba. Vichanga wakianza kuogelea hutoka na kurudi. Kivuli cha ndege kikipita, wote wanazama mdomoni kama maji ya kusukutulia.

Mama wa namna hii hawezi kupambana na sangara kwa wingi. Sangara walipofurika kwenye ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980, kila furu aliyemezwa alikwenda na watoto wake wote. Mamia ya aina hayakuonekana tena. Mwenye mayai milioni hupoteza wengi akabaki. Mwenye mayai thelathini anayebeba kizazi chake chote mahali pamoja, akikamatwa amekwisha, yeye na ukoo.

Lakini sangara si mshtakiwa pekee, na hili ndilo linaloniuma kama mkazi wa mji. Furu hutambuana kwa rangi. Dume wa aina moja ni wa buluu, wa aina ya jirani ana mgongo mwekundu. Huyu mwekundu wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Majike wao wanafanana kama mapacha. Kinachowatenganisha ni jike kumchagua dume wa rangi yake. Mwanasayansi wa samaki Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi katika ghuba yetu hii, walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka mwanga unabadilika, rangi hazionekani, na jike hachagui tena sawasawa. Kwenye visiwa vyenye maji maangavu aina mbili zinabaki mbili. Kuelekea ndani ya ghuba, kwenye maji ya tope na ukijani, zinachanganyika kuwa kitu kimoja cha rangi isiyoeleweka. Tope la mashamba ya milimani, maji machafu ya mitaa iliyopanda kwenye miamba bila mfereji, mbolea inayoshuka na mvua, vyote vinaingia chumbani kwa furu na kumzimia taa. Hakuna samaki aliyeuawa hapo. Hakuna wavu. Aina nzima inatoweka huku samaki wote wakiwa hai, na hakuna operesheni itakayomkamata mhusika.

Dagaa ni habari nyingine. Huyu anaishi mwaka mmoja, miwili akibahatika, anapevuka akiwa mfupi kuliko kidole cha mtu mzima, na tangu sangara wajae amekuwa akipevuka akiwa mdogo zaidi kuliko zamani; ni kama aliyeambiwa usichelewe kuoa, hujui kesho. Ndiye anayeshikilia ziwa kwa sasa. Na ana ulinzi ambao hakuna waziri aliyeutunga: mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa; zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanarudi nyumbani kama siku kumi hivi kila mwezi. Wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao, wanasubiri giza. Samaki anayeishi miezi kumi na kitu akipewa mapumziko ya siku kumi kila mwezi amepewa sehemu kubwa ya maisha yake.

Siku hizo hizo kuna anayetoka wakati wavuvi wamelala. Siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu, usiku, funza wanaotoboa mafunjo na mbao za mitumbwi hupanda juu ya maji, wanavua ngozi na kuruka wakiwa na mabawa meupe. Mdudu huyo akishapata mabawa hana tena mdomo wa kulia. Ana saa moja au mbili: apande, ashuke, atage, afe. Asubuhi unawakuta wamejaa ukingoni kama pumba. Sijui nani anamwambia tarehe akiwa ndani ya ubao.

Kuna kitu kingine ambacho mama zetu wa dagaa wanakijua ila hawakitaji mbele ya mteja. Mara moja moja utaona dagaa mnene kupita kiasi, ukimpasua kwa ukucha unatoka utepe mweupe, bapa, mrefu karibu kama yeye. Si mnyoo wa binadamu, usihofu. Huyo ni wa mnandi na ndege wenzake walao samaki. Mayai yake hudondoka na kinyesi cha ndege, yanaanguliwa majini, yanamezwa na vijidudu vidogo, vijidudu vinaliwa na dagaa, na ndani ya dagaa utepe unakua mpaka unamnyima nafasi na chakula, viungo vyake vya uzazi havikui. Dagaa anageuka mfuko wa kumlea mwingine. Akiliwa na ndege, utepe unakomaa kwa siku chache, unataga, mzunguko unaanza tena. Mnyoo huyu hajali dagaa wako wangapi ziwani. Anajali tu kama huyu mmoja atazaa, na anahakikisha hazai.

Nayataja haya kwa sababu ya wito unaosikika siku hizi kwenye mikutano ya BMU, vile vikundi vya kusimamia mialo: tufunge Ziwa Victoria miezi mitatu kama walivyofunga Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, mwaka 2024. Sipingi moja kwa moja. Kwa dagaa, miezi mitatu ni robo ya maisha, au nusu ya robo akibahatika kufika miaka miwili. Mavuno baada ya kufungua yataonekana kwa macho. Kwa sangara, miezi mitatu ni kikohozi. Anazaa mwaka mzima, huongeza kidogo kipindi cha mvua, na binti wa sentimita 60 uliyemwacha Mei utamkuta Agosti akiwa bado binti. Siku ya kufungua atakuwa hapo hapo, na mitumbwi yote itatoka kwa pupa siku moja. Sato naye huatamia mdomoni kwenye maji ya kina kifupi mwaka wote. Anachohitaji ni kokoro, ule wavu wa kukokotwa, lisipite juu ya mazalia yake, iwe Mei au Novemba. Kufunga ziwa zima kwa tarehe moja ni kama kuziandikia dozi moja nyumba zote za mtaa.

Na kuhusu dozi, tulipokuwa wadogo shuleni tulipimwa kwa kijiti. Kijiti kirefu kiliegemezwa ukutani, kimechorwa mistari; urefu wako unaonyesha idadi ya vidonge vya kichocho utakavyomeza. Ni rula nyingine. Siku ile walitupanga kabla ya uji, nikameza vidonge vyangu na tumbo tupu, nikatapika mbele ya msichana niliyekuwa nikijipendekeza kwake. Wiki iliyofuata, saa sita mchana, tulikuwa majini tena tukiogelea nyuma ya mawe.

Saa sita mchana ndiyo saa yenyewe. Yai la kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi. Likifika kwenye maji ya ziwa linapasuka, kinatoka kijidudu chenye vinyweleo ambacho kina saa chache tu, haifiki siku mbili, kumpata konokono wa aina yake. Asipomkuta, mwisho. Akimkuta, anaingia na kujigawa bila dume wala jike. Kijidudu kimoja hutoa maelfu, wote wa jinsia moja, wote nakala. Jua likipanda, maelfu hao hutoka kwenye konokono kutafuta ngozi ya mtu. Mwilini wanakomaa, na hapo tu ndipo ndoa inapoanza: dume ana mfereji kifuani, jike analala humo, hawaachani kwa miaka, na jike asiyepata dume hakui vizuri. Kila siku anataga mayai kwa mamia.

Vidonge huua wakubwa. Wachanga walioingia majuma machache yaliyopita huponea, na mtoto akirudi majini ameanza upya. Kiuno cha kichocho ni zile saa chache kati ya haja kubwa na konokono, na wa kukibana ni choo. Lakini nenda kwenye kambi za wavuvi visiwani: jiwe juu ya jiwe, hapachimbiki, watu mia kadhaa, choo kimoja chenye kufuli. Tunapima watoto kwa kijiti kila mwaka, tunajisifu kwa idadi ya vidonge, na yai linaendelea kushuka na mvua. Vidonge viendelee, vimeokoa matumbo mengi, langu likiwamo. Ila bajeti ya choo cha juu ya jiwe, chenye tangi la kunyonywa, bado inaonekana kama anasa.

Kuna viumbe wasio na kiuno. Gugumaji lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka Amerika ya Kusini, na linazaa kwa njia mbili kwa mpigo: mche mama unatoa vikonyo vyenye miche pembeni, majuma mawili eneo limeongezeka maradufu, na linatoa maua yenye mbegu zinazoweza kulala matopeni miaka 15 na zaidi. Ukilivuna, umebakiza mbegu. Hilo lilipunguzwa na mbawakawa walioletwa kutoka kwao, wanaolila taratibu kila siku bila posho.

Wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, kwa upande wao, wamelielewa somo la uzazi kuliko sisi wote, wakalitatua kwa kuuondoa. Vifaranga vya sato wakianza kula, chakula huchanganywa na homoni ya kiume kwa majuma matatu au manne, karibu wote wanakuwa madume. Hakuna anayepoteza wiki tatu na mdomo umejaa watoto. Wote wanakula na kunenepa. Inafanya kazi. Ila mwenye kizimba anarudi kwenye kituo cha kuzalishia kila msimu kununua upya, kwa sababu samaki wake hawana kesho. Ziwa halina kituo cha kuzalishia ng'ambo ya pili.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mama nikiwa na tepu ya fundi cherehani mfukoni. Alicheka, wenzake wakacheka zaidi, mmoja akaniuliza ninamshonea samaki suti au gauni. Tulimpima sangara wa kwanza kwenye rundo, pua mpaka mkia. Sentimita 78. Halali kwa rula ya chini, halali kwa rula ya juu, hakuna askari wa kumgusa. Mama akampasua. Mifuko ya mayai ilikuwamo, miwili, myembamba kama penseli, ya waridi, haijaanza hata kuwa ya njano.

"Huyu alikuwa bado," mama akasema, akaingiza ncha ya kisu chini ya uti wa mgongo.